Sijatubu Hata Siku Moja

Mume wangu alituandikisha bila kuniuliza. Naanza hapo kwa sababu kila nikisimulia jambo hili lazima atokee mtu wa kuniambia, "Lakini Mama, si mlikubaliana wawili?" Hatukukubaliana kitu. Nilikuwa saluni, vidole vyote kumi vimo kwenye kichwa cha mteja. Simu ikaita, nikaibana kwa bega, nikamsikia anasema kwa furaha, "Mama, tumeingia."

"Tumeingia wapi?"

"Kwenye ile ya ngulube."

Mteja wangu, Mzulu, akacheka. Ngulube ni neno tunalolitumia sisi wa Kongo na wao pia, kwa hiyo katika mazungumzo yote yale alielewa nguruwe peke yake. Mimi nilielewa yote na sikucheka. Nilivuta msuko mpaka mama wa watu akaniambia eish, taratibu.

Mambo ya ngulube aliyaleta Mwalimu. Mwalimu ni Mkenya, anafundisha chuo kikuu, anakaa upande wa Cato Manor hapa Durban, na ndiye mwenyekiti wa komite ya ndoa katika kanisa letu, lile lililo juu ya duka la makochi. Alisoma Uingereza miaka mingi na sidhani kama amewahi kurudi kabisa. Kila sentensi yake ya pili inaanza na "kule Uingereza". Jumapili moja baada ya ibada, watu tuna njaa, alitusimamisha akatueleza kwamba kule Uingereza kuna mji mdogo ambao tangu zamani huwapa zawadi mume na mke wanaoishi kwa furaha. Zawadi yenyewe ni upande mzima wa nguruwe, nyama iliyokaushwa kwa chumvi. Lakini hawapewi hivi hivi. Wanapelekwa mbele ya baraza kama mahakamani, kuna hakimu, kuna wakili wao, na kuna wakili wa nguruwe, ambaye kazi yake ni kuhakikisha nyama haiondoki. Wanaoamua ni wasichana sita na wavulana sita ambao hawajaoa wala kuolewa. Mume na mke lazima waoneshe kwamba kwa mwaka mzima na siku moja hakuna aliyejutia ndoa, hata kwa kuwaza tu. Wakishinda wanabebwa juu kwenye kiti, wanazungushwa mjini, halafu wanapiga magoti juu ya mawe yenye ncha na kula kiapo.

Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Mwaka na siku? Mimi hata wiki sina." Tukacheka wote, na mume wangu akacheka kuliko wote. Sasa najua alikuwa tayari anaikatakata ile nyama kichwani.

Nikauliza kwa nini wanaohukumu ni watu wasioijua ndoa. Mwalimu akasema ndiyo mila yao. Nikamwambia basi ni mila ya watu wasio na kazi. Akatabasamu lile tabasamu lake la kuwasamehe wanafunzi, akatangaza kwamba komite imeshakubali, tutafanya na sisi, na ndugu mmoja anayefanya kazi kwenye bucha atatoa upande wa nguruwe.

Halafu akanipa karatasi ya kiapo niinakili, kwa sababu mwandiko wangu ndio unaosomeka. Alikuwa amekitafsiri mwenyewe. Kilisema: "Tunaapa kwamba kwa mwaka mzima na siku moja, tukiwa macho au tukiwa tumelala, hatujatubu."

Hatujatubu! Nikamrudia pale pale.

"Mwalimu, hapa si kutubu. Hapa ni kujuta. Mtu anajuta kuoa. Kutubu ni mambo ya dhambi."

"Mama, kiapo chao cha zamani kina neno lile lile lililomo kwenye Biblia yao. Na kwenye Biblia yetu neno hilo ni kutubu. Nimeangalia."

"Kwa hiyo watu wasimame kanisani, mbele ya Pasta, waape kwamba hawajatubu?"

"Wataelewa kutokana na muktadha."

Muktadha! Sisi huwa tunamtania kwamba Kiswahili chake ni cha taarifa ya habari, naye anatuambia chetu kimejaa Kifaransa mpaka hakina pa kukaa. Siku hiyo sikuwa na nguvu za utani. Niliandika kama alivyotaka, hatujatubu, kwa herufi kubwa. Sikujua bado kwamba kiapo chenyewe ningetakiwa kukila mimi.

Mnisikilize vizuri, nieleze kwa nini simu ile ilinichoma. Miezi kumi kabla ya hapo mama yangu alikufa Bukavu. Sikwenda kumzika. Karatasi zetu ni za ukimbizi, na mkimbizi akirudi kwao hata kwa wiki moja, huku anaweza kukuta mlango umefungwa, na watoto wake wako ndani. Kwa hiyo kilio tulikifanya hapa hapa Albert Park, sebuleni kwetu, ghorofa ya tisa, na lifti ilikuwa imekufa kabla ya mama yangu. Watu walipanda ngazi zote zile. Kuna bibi wa kanisani mwenye magoti mabovu ambaye alipanda kwa saa nzima, anapumzika kila ghorofa, ili aje aketi chini na mimi.

Kwetu mkwe ana nafasi yake kwenye kilio. Anakaa mlangoni, anapokea watu, anaonekana. Si kazi ngumu. Kazi ni kukaa. Mume wangu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari kule Jacobs, na asubuhi ya kwanza ya kilio alichukua kopo lake la chakula akaenda kazini. Jioni akarudi, akapita katikati ya watu, akasalimia kwa kichwa, akaingia chumbani. Asubuhi ya pili nikamshika mkono mbele ya wamama wote. "Papa, leo pia?" Akajibu bila kuniangalia, "Iko gari ya mutu inangojea."

Gari ya mutu! Siku hiyo saa tisa alasiri mzee mmoja aliyetoka mbali kwa teksi mbili aliuliza, "Mkwe yuko wapi, tumpe pole?" Nikasema amekwenda kutafuta viti. Nilimdanganya mzee, tena kwenye kilio cha mama yangu, ili kumfichia aibu mwanamume aliyekuwa Jacobs anagonga mlango wa gari kwa nyundo. Na pale pale nikajuta kuolewa naye. Sisemi nilikasirika, kukasirika mimi ni kila siku. Nilijuta. Nililisema neno lenyewe moyoni, polepole, nikiwa na akili zangu zote.

Baada ya hapo nilichotaka ni maneno mawili: nisamehe, Mama. Sikutaka zaidi. Ningelia, ningemtukana, yangeisha. Hakuyasema. Alitengeneza bomba la jikoni. Alifunga upya mlango wa kabati. Alibandika soli ya kiatu changu. Akang'oa fimbo ya pazia ambayo haikuwa na kosa lolote, akaipigilia sentimita mbili juu zaidi. Kila nikivimba, yeye anachukua bisibisi. Nyumba ikawa nzuri, mimi nikazidi kuchemka. Na msinidanganye kwamba hajui kuomba radhi. Neno "pardon" analo tele mdomoni, akimkanyaga mtu kwenye teksi anasema pardon tatu. Pardon za teksi anazo. Mimi sikupewa hata hiyo.

Nikaacha kumsemesha mambo makubwa. Chakula hiki, ufunguo uko pale, kesho nachelewa. Yeye kimya hicho alikitafsiri vipi? Kama amani! Jioni ile ya simu nilipomuuliza ni wazimu gani uliompanda akatuandikisha, alinijibu kwa moyo safi, "Sisi mwaka huu hatukugombana hata mara moja."

Mungu wangu. Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Wiki nzima nilimpa nafasi. Naapa nilimpa. Mimi ni mtu wa kanisa, siwezi kupiga magoti nikaapa uongo kwa ajili ya nyama, na wala sikutaka kumwaibisha mbele ya watu. Nilimwambia Jumatatu, "Papa, ile Jumamosi tutaulizwa maswali ya kweli." Akasema sharp, yaani sawa. Jumatano nikamwambia, "Kuna jambo ambalo wewe na mimi hatujalizungumza." Akafungua mdomo, nikasema hapa hapa, leo linatoka. Akasimama akauliza kama mlango wa bafu bado unalia. Ijumaa alinyoosha suti. Nikalala nikiwa nimeamua kwamba nitasema sitaki kushindana, basi, wakae na nguruwe wao.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana ukumbi wa kanisa ulijaa. Nguruwe alikuwa mbele, upande mzima, juu ya meza ya matoleo, amefunikwa kwa kitambaa cheupe. Mwalimu alikuwa amevaa joho lake la chuo, kwa sababu ndiye hakimu. Vijana kumi na wawili wa kwaya walikaa safu mbili wakibanana kwa kicheko. Chini palikuwa na gunia limetandazwa na juu yake kokoto za ujenzi ambazo Mwalimu alizibeba mwenyewe kutoka Cato Manor. Na wakili wa nguruwe alikuwa ndugu mmoja mwenye duka la kutengeneza simu, mtu mwenye mdomo kiasi kwamba ukimpelekea simu iliyokufa atakueleza na tabia yako.

Jozi ya kwanza iliondolewa kwa sababu walikuwa na miezi mitano tu ya ndoa. Ya pili waliulizwa ni nani hushika rimoti, wakaanza kujibu wote wawili, na mpaka sasa nadhani hawajamaliza. Tukaitwa sisi. Nilifungua mdomo kusema sitaki. Mume wangu alikuwa ameshasimama, kifua mbele, ananivuta mkono.

Wakili akazunguka kama alivyoona mawakili wanavyofanya kwenye televisheni. Akaisoma karatasi yangu, mwandiko wangu mwenyewe.

"Papa, kwa mwaka huu mzima na siku moja, ukiwa macho ao umelala, umetubu?"

"Sijatubu!" akasema mume wangu, kwa sauti ya mtu anayeshangilia goli. "Hata siku moja!"

Kwaya ikapasuka. Pasta akajifunika uso kwa mkono. Mwalimu akagonga meza, akaanza kueleza kwamba ndugu zangu, hapa neno limetumika kwa maana ya kale, lakini nani alimsikiliza.

"Hata kidogo tu?" Wakili alikuwa ameonja utamu.

"Hata kidogo! Nitubu nini? Mimi ninamupenda huyu mama."

"Mama, unasikia? Shahidi ni wewe. Ni kweli huyu papa hajatubu?"

Nilikuwa nimekusudia kunyamaza. Lakini jamani, mtu anaweza kubanwa mpaka wapi? Swali lenyewe ndilo nililokuwa nikijiuliza miezi kumi, sasa naulizwa kwa kipaza sauti.

"Ni kweli kabisa," nikasema. "Hilo naweza kuliapia. Huyu baba hajatubu."

Walicheka, halafu wakaiona sura yangu, na kicheko kikaisha safu kwa safu mpaka nyuma. Mwalimu akasema polepole, "Mama, kiapo kinamaanisha kujuta."

"Nilikuambia, Mwalimu. Nilikuambia ni kujuta, ukasema muktadha. Basi uliza sasa kwa Kiswahili kizuri."

Hakuuliza yeye. Aliuliza yule wa simu, na sauti ya uwakili ilikuwa imemtoka. "Mama, ulijuta?"

"Nilijuta. Siku ya pili ya kilio cha mama yangu, saa tisa alasiri. Wengi wenu mlikuwapo. Mlikuwa mmekaa chini sebuleni kwangu, mkaniuliza mkwe yuko wapi."

Mume wangu alisimama pale na suti yake iliyonyooshwa, akawa mdogo ndani yake. Nilidhani atatafuta kitu cha kutengeneza. Badala yake alikwenda akapiga magoti juu ya zile kokoto, magoti mawili kwa kishindo, mpaka nikasikia mawe yanasagana, akawageukia watu akasema, "Ndugu zangu, natubu mbele yenu."

Basi! Pasta akaruka, haleluya, mkono kichwani. Wamama wakapiga vigelegele. Kwaya, ambao dakika mbili zilizopita walikuwa waamuzi, wakaanzisha pambio. Mwalimu akatangaza kwa huzuni kwamba kwa mujibu wa kanuni, aliyetubu amepoteza nguruwe, na watu wakapiga makofi hata kwa hilo. Na mimi nilisimama pembeni na mkoba wangu. Alitubu kwa ndugu zake. Alitubu kwa Pasta, kwa kwaya, kwa ndugu wa bucha. Kila mtu ukumbini alikuwa ameombwa msamaha uliokuwa wangu isipokuwa mimi, na walikuwa wananipongeza mimi, wananikumbatia, Mama umeshinda, Mungu ametenda!

Nikatoka. Yeye akanifuata nyuma, anachechemea, suruali imetoboka gotini. Tulivuka robot, zile taa za barabarani, mimi mbele. Lifti bado imekufa. Nilivua viatu vya kanisani nikavishika mkononi, na kuanzia ghorofa ya kwanza nikaanza.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba mimi si kusanyiko. Nilimwambia mama yangu alimpokea kama mtoto wake, alimpa kuku wake wa mwisho siku ya mahari, na yeye akashindwa kumkalia hata siku moja mlangoni. Ghorofa ya tatu jirani alifungua mlango, akatuona, akaufunga. Ya sita, mume wangu akaketi kwenye ngazi.

"Simama," nikamwambia. "Bado sijamaliza."

"Mama yako alinipigia," akasema.

"Lini?"

"Mbele ya kufa. Mwezi muzima kabla. Alikuwa amejua. Dokta alishamwambia."

"Endelea," nikamwambia.

"Alisema nisikuambie. Alisema, akijua atakuja, na akija hatarudi tena kule kwa watoto wake. Akaniapisha. Kila Jumapili ulikuwa unaongea naye mambo ya nywele na mambo ya mvua, mimi niko jikoni naosha vyombo, nasikia. Nilikuwa naacha maji yakimbie ili nisisikie." Alikuwa anaongea na magoti yake. "Kwenye kilio watu walikuwa wanasema ni kifo cha gafla, hakuna aliyejua. Mimi nilijua. Ningekaa pale mlangoni namna gani? Wangeniuliza, ningesema."

Nilimrushia kiatu. Siombi radhi. Kilimpita sikio, kikagonga ukuta, kikashuka kinadunda mpaka ghorofa ya tano, na tukasikiliza mpaka kikatulia. Jumapili nne! Jumapili nne nilimwambia mama yangu habari za mteja aliyetaka rangi ya chungwa, nikakata simu mapema kwa sababu wali ulikuwa unaungua. Jumapili nne, na mtu mmoja katika nyumba ile alijua ni za mwisho. Nilimwambia kwamba pale kanisani nilikosea, sikujuta mara moja tu, nilikuwa najuta na sasa hivi, hapa kwenye ngazi, wakaandike na hiyo.

"Njo vile, ni kweli," akasema. "Uko na haki."

Alishuka polepole na magoti yake yale, akarudi na kiatu, akakiweka karibu na mguu wangu. Hakuuliza kama soli imeachia. Akaketi ngazi moja chini yangu.

Nikamuuliza mama yangu alisema nini tena. Nilimuuliza kwa ukali, kama mtu anayedai.

"Kitu kimoja tu. Aliniuliza, mutoto wangu bado iko anakasirika mbio? Nikamwambia, Mama, huku Durban hasira yake iko mubaya zaidi. Akacheka. Alicheka sana, mpaka akakohoa. Akasema basi, niko na amani." Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu kilio aliniangalia usoni. "Nisamehe, Mama."

"Rudia," nikamwambia.

Akavuta pumzi, akaanza tena, "Nisamehe, mama wa watoto wangu, nilikosa..."

"Hapana, si hiyo." Mtu huyu hatanielewa mpaka nife. "Rudia pale alipocheka."